Kutumia vihusishi vya Kihispania bila kuegemea neno “kwa”

Tazama sentensi hizi tatu: “Niko shuleni”, “Naenda shuleni”, “Natoka shuleni”. Neno “shuleni” halijabadilika hata kidogo. Kitenzi ndicho kinachotuambia kama mtu yupo, anaelekea au anaondoka. Kihispania hakikubali hivyo: *Estoy en la escuela. Voy a la escuela. Vengo de la escuela.* Kihusishi kimebadilika mara tatu, na ukikosea hapo msikilizaji husita hata kama kitenzi chako ni sahihi.

Ugumu wa vihusishi vya Kihispania kwa anayefikiri kwa Kiswahili unaanzia hapo. Kiswahili huficha uhusiano wa maneno ndani ya maneno yenyewe: katika kiambishi *-ni*, katika kauli ya kutendea (andika, andikia), katika kiambishi cha mtendwa (nilimwona). Kinachobaki nje hubebwa na maneno machache yenye kazi nyingi mno, hasa “kwa” na “na”. Kihispania huutoa uhusiano huo nje, kila mmoja kwa neno lake. Kwa hiyo kutafuta tafsiri ya “kwa” ni kupoteza muda. Jiulize kwanza ni uhusiano gani unaosemwa: chombo, njia, sababu, lengo, mahali au wakati? Ukishaujua, kihusishi chake hakiko mbali.

Sarufi ya Real Academia Española (taasisi inayosimamia lugha ya Kihispania) ya mwaka 2009 inaorodhesha vihusishi 23: *a, ante, bajo, cabe, con, contra, de, desde, durante, en, entre, hacia, hasta, mediante, para, por, según, sin, so, sobre, tras, versus, vía*. Usiikariri orodha hiyo yote leo. *Cabe* kimekufa, na *so* kimebaki katika misemo michache kama *so pena de* (“la sivyo adhabu itakuwa…”). Sita ndivyo utakavyokutana navyo karibu kila sentensi: *a, de, en, con, por, para*. Weka nguvu zako hapo.

Mahali: -ni imegawanywa

Kanuni ya kuanzia ni fupi: ulipo ni *en*, uendako ni *a*, utokako ni *de*. *Vivo en Madrid, voy a Madrid, salgo de Madrid.*

Kosa la kawaida liko kwenye kitenzi “fika”. Kwa kuwa aliyefika tayari yupo mahali pale, wengi husema *llegué en Madrid*. Si sahihi. Kihispania huhesabu kufika kuwa ni mwendo bado, hivyo ni *llegué a Madrid*. Kupanda na kushuka hufuata mantiki hiyohiyo: *subir al autobús, bajar del autobús*. Kuingia ndiko kunakotofautiana kwa maeneo: Hispania husemwa zaidi *entrar en la casa*, na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini *entrar a la casa*. Zote ni sahihi. Chagua moja na uishikilie.

Kihusishi *a* kina matumizi mengine ya mahali yasiyo na mwendo, na haya hayaepukiki. Umbali: *La casa está a dos kilómetros del mar.* Upande: *a la derecha, a la izquierda, al norte*. Ukiweka *en* kwenye umbali, sentensi inaharibika kabisa.

*En* peke yake hubeba “ndani ya”, “juu ya” na “kwenye”. *El libro está en la mesa* inaeleweka bila shida, maana hakuna anayedhani kitabu kimeingia ndani ya mbao. Tumia *encima de* au *sobre* pale tu unapotaka kusisitiza juu, na *dentro de* pale tu unapotaka kusisitiza ndani.

Maneno kama “juu ya”, “chini ya”, “mbele ya” na “nyuma ya” yana umbo lilelile kwa Kihispania, na “ya” ndiyo *de*: *encima de, debajo de, delante de, detrás de*. Hapa Kiswahili kinakusaidia. Kinakuangusha penye “karibu na”, “mbali na” na “tofauti na”, ambapo “na” inakushawishi useme *con*. Sema *cerca de, lejos de, diferente de*. *Cerca con* haipo.

Vile vifupi, *ante, bajo* na *tras*, huelekea maana isiyoshikika kwa mkono: *ante el juez* (mbele ya hakimu, anapotoa uamuzi), *bajo presión* (chini ya shinikizo), *tras la guerra* (baada ya vita). Ukimtafuta paka chini ya kitanda, *debajo de la cama* ndiyo lugha ya kila siku.

Na usisahau kuunganisha: *a + el* huwa *al*, *de + el* huwa *del*. Si hiari. Isipokuwa *El* ikiwa sehemu ya jina lenyewe, maandishi huyaacha mbalimbali: *Viajo a El Salvador*. Vilevile *él* yenye alama, yaani “yeye”, haiunganiki kamwe: *el libro de él*.

A ya watu, ambayo tayari unayo kinywani

Wanafunzi wa mataifa mengi huhangaika na *a* inayowekwa kabla ya mtu anayetendwa: *Veo a María*, lakini *Veo la casa*. Msemaji wa Kiswahili ana kipimo tayari. Unasema “Ninamwona Maria” na “Ninaona nyumba”. Mtu anadai kiambishi cha mtendwa, kitu hakidai. Mahali unapohisi lazima uweke *-m-* au *-wa-* kwa ajili ya mtu, weka *a*.

Kipimo hiki hufanya kazi hata kwenye sehemu ngumu. “Natafuta daktari”, yaani yeyote atakayepatikana: *Busco un médico.* “Namtafuta daktari”, yule ninayemjua: *Busco al médico.* “Nawafahamu wazazi wako”: *Conozco a tus padres.*

Kipimo kina mipaka yake. *Nadie, alguien* na *quién* hutaka *a* hata kama hujui ni nani: *No veo a nadie. ¿A quién llamaste?* Wanyama hugawanyika: mbwa wako mwenyewe hupewa *a* (*Busco a mi perro*), mbwa wa njiani usiyemjua huachwa bila (*Vi un perro*). Na kitenzi *tener* kwa maana ya kuwa na ndugu au watoto hakitaki *a*: *Tengo dos hermanos.*

Kisha kuna mpokeaji. “Nilimpa Ana kitabu” ina *-m-* na pia ina Ana. Mtu mmoja ametajwa mara mbili. Kihispania hufanya vivyo hivyo: *Le di el libro a Ana*. *Le* inafanya kazi ya *-m-*. “Nilimwandikia mama” ni *Le escribí a mi madre*. Mtindo huu wa kurudia ni kwa mpokeaji. Usiuhamishie kwa mtendwa wa moja kwa moja na kusema *La veo a María*. Argentina utaisikia kila siku, lakini kwingine kwingi inaonekana kosa.

“Kwa” moja, vihusishi vingi

Sehemu hii inastahili kusomwa polepole, maana makosa mengi ya vihusishi yanatokana nayo.

Chombo ni *con*: kwa penseli, *con lápiz*, kwa ufunguo, *con la llave*. Hisia inayoambatana na tendo pia ni *con*: kwa hasira, *con rabia*, kwa uangalifu, *con cuidado*. Kinyume chake ni *sin*, na mara nyingi nomino baada yake haina kibainishi (neno kama *el, la, un*): *sin dinero, sin problemas*.

Chombo cha usafiri ni *en*: *en autobús, en tren, en avión, en bicicleta*. Lakini miguu na farasi huchukua *a*: *a pie, a caballo*. Kilichotengenezwa kwa mkono ni *hecho a mano*. Mlango uliofunguliwa kwa mkono wa kushoto, hata hivyo, ni *con la mano izquierda*, kwa sababu hapo mkono umetajwa kama chombo mahususi, si kama namna ya kufanya kazi.

Lugha ni *en*: *en español*. Sauti ni *en*: *en voz baja*. Simu, barua na redio ni *por*: *por teléfono, por correo, por radio*. Bei na kubadilishana ni *por*: *Lo compré por diez euros*. Shukrani ni *por*: *Gracias por tu ayuda*, *gracias para* ni kosa linalosikika mbali. Mara tatu kwa wiki ni *tres veces por semana* au *tres veces a la semana*. Mbili mara tatu ni *dos por tres*, na asilimia kumi ni *el diez por ciento*.

Muda uliotumika ni *durante*, au hakuna kihusishi kabisa: *Estudié durante dos horas* na *Estudié dos horas* zote ni sawa. “Kwa mujibu wa” ni *según*. “Kwa maoni yangu” ni *en mi opinión*. “Kwa daktari” ni *al médico* ukienda. Kwa mtu, kwa maana ya nyumbani kwake, ni *en casa de* ukiwa huko na *a casa de* ukienda: *Voy a casa de mi tía*.

“Na” ina mtego mdogo kuliko huo. Ikiunganisha, ni *y*: *Juan y Ana*. Ikiwa ni “pamoja na”, ni *con*: *Vine con Ana*. Ikitaja mtendaji baada ya kauli ya kutendwa, ni *por*: “Barua iliandikwa na Ana”, *La carta fue escrita por Ana*. Ukisema *escrita con Ana*, umemgeuza Ana kuwa msaidizi.

Upande wa pili kuna nafuu kubwa: *wa, ya, la, cha, vya, za, pa, kwa* ya umilikaji, zote zinamezwa na *de*. Hakuna ngeli. *El libro de Ana, la mesa de madera, un vaso de agua, la ciudad de Lima.* Chunga jambo moja tu katika ulinganishi: kabla ya idadi, “zaidi ya” ni *más de* (*más de cien personas*), bali ukilinganisha watu au vitu ni *más que* (*Ella lee más que yo*).

Por na para

Vitabu hutoa orodha ndefu za matumizi, na orodha hizo zinasahaulika kabla ya mtihani. Afadhali ushike mwelekeo. *Para* inatazama mbele: lengo, mpokeaji, tarehe ya mwisho, mahali pa kuelekea. *Por* inatazama nyuma au inapita katikati: sababu, njia, ubadilishanaji, aliyetenda.

Jozi hizi zinaonyesha tofauti kuliko maelezo yoyote:

*Lo hago para ti*: nakufanyia, utakipokea wewe. *Lo hago por ti*: nafanya kwa sababu yako, au badala yako.

*Trabajo para mi tía*: shangazi ndiye mwajiri wangu. *Trabajo por mi tía*: nimeshika zamu yake.

*Voy para el centro*: naelekea katikati ya mji. *Voy por el centro*: napitia hapo.

*¿Para qué viniste?*: ulikuja kufanya nini? *¿Por qué viniste?*: nini kilikufanya uje? “Kwa nini” ya Kiswahili hubeba yote mawili, kwa hiyo amua kwanza kama unauliza lengo au chanzo.

Kitenzi-jina (umbo kama *ser* au *llegar*) kikifuata, mwelekeo ni uleule. *Estudio para ser médico*: nasoma ili niwe daktari. *Lo castigaron por llegar tarde*: aliadhibiwa kwa kuchelewa. Kama unaweza kuweka “ili” katika sentensi yako ya Kiswahili, ni *para*. Kama unaweza kuweka “kwa sababu ya”, ni *por*. “Kwa ajili ya” haisaidii, inaingia kote kuwili. Ibadilishe iwe mojawapo ya hizo mbili kisha uchague.

Kauli ya kutendea mara nyingi ni *para*, au *le* pamoja na *a*: “Nimekununulia kitabu” ni *He comprado un libro para ti* au *Te he comprado un libro*. Lakini vipo vitenzi vya umbo hilo vinavyodai *por*: kupigania ni *luchar por*, kumuulizia mtu ni *preguntar por alguien*, kuhangaikia ni *preocuparse por*. Mtu au jambo linalopiganiwa huhesabiwa kuwa ndilo linalomsukuma mtendaji. Vikariri jinsi vilivyo.

Matumizi mawili ya *para* husahaulika. Moja ni tarehe ya mwisho: *Es para el lunes*, inatakiwa iwe tayari Jumatatu. Jingine ni kupima kitu kwa kigezo: *Para su edad, es muy alto*, ukizingatia umri wake ni mrefu sana. Na misemo kama *por favor, por ejemplo, por fin, por lo menos, por supuesto* usiichambue, imeganda.

Saa, siku na tarehe

Saa huchukua *a*: *a la una, a las dos*. Kumbuka kugeuza saa kabla ya kufungua kinywa, maana Kihispania huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. *A las dos de la tarde* ni saa nane mchana, na *a las ocho de la mañana* ni saa mbili asubuhi. Kosa la tofauti ya saa sita halirekebishwi na kihusishi sahihi.

Saa ikitajwa, sehemu ya siku hufuata na *de*: *a las ocho de la mañana*. Saa isipotajwa, Hispania husema *por la mañana* na sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini husema *en la mañana*.

Siku za wiki hazitaki kihusishi, zinataka kibainishi: *el lunes* (Jumatatu hii), *los lunes* (kila Jumatatu). *En lunes* ni alama ya mgeni. Miezi, miaka na majira huchukua *en*: *en mayo, en 2024, en verano*. Tarehe kamili huunganishwa na *de*: *el 5 de mayo de 2024*.

“Kutoka… hadi” ina jozi mbili, na usizichanganye: *de lunes a viernes*, bila kibainishi, au *desde el lunes hasta el viernes*, pamoja nacho. Jambo lililoanza zamani na linaendelea huchukua *desde hace* na kitenzi cha wakati uliopo: *Vivo aquí desde hace tres años*. Ukitumia wakati uliopita hapo, umehama. *Dentro de dos días* ni siku mbili kuanzia sasa. *Lo hice en dos días* ni muda ambao kazi ilichukua.

*Hasta* ni “hadi”, na pia ni “hata”: *Hasta Juan vino*, hata Juan alikuja. Meksiko ina ziada yake. *Abren hasta las nueve* mara nyingi humaanisha hawafungui mpaka saa tatu, kinyume kabisa na anachoelewa Mhispania. Ukiwa huko, uliza tena.

Kitenzi na kihusishi chake

Vitenzi vingi vya Kihispania vimefungwa na kihusishi kimoja, na mara nyingi maana haikusaidii kukibashiri. Kiswahili hakiweki chochote baada ya “ota”, “oa”, “kumbuka” au “lalamika”, kwa hiyo pengo hulioni mpaka mtu akusahihishe.

Hivi ndivyo vya kuanza navyo. Na *con*: *soñar con* (kuota), *casarse con* (kuoana na, hakuna tofauti ya kuoa na kuolewa), *contar con* (kumtegemea mtu), *encontrarse con* (kukutana na). Na *de*: *acordarse de* (kukumbuka), *olvidarse de* (kusahau), *quejarse de* (kulalamikia), *enamorarse de* (kumpenda mtu, kuingia mapenzini), *depender de* (kutegemea), *darse cuenta de* (kutambua), *dejar de* (kuacha kufanya), *tratar de* (kujaribu). Na *en*: *pensar en* (kumfikiria), *confiar en* (kuamini), *fijarse en* (kuangalia kwa makini), *insistir en* (kushikilia), *tardar en* (kuchelewa kufanya), *convertirse en* (kugeuka kuwa). Na *a*: *empezar a, aprender a, ayudar a, negarse a* (kukataa), *parecerse a* (kufanana na), *asistir a* (kuhudhuria), na *jugar a*, kama *jugar al fútbol*.

Baadhi hubadili maana kihusishi kikibadilika. *Pienso en ti*: nakuwaza. *¿Qué piensas de mí?*: unanionaje? *Dejé el trabajo*: niliacha kazi. *Dejé de trabajar*: nilikoma kufanya kazi. *Acabo de comer*: nimetoka kula sasa hivi. *Acabar con algo*: kukikomesha. *Volver a casa*: kurudi nyumbani. *Volver a leer*: kusoma tena. *Recordar* na *acordarse de* zina maana moja, ila ya kwanza haina kihusishi. Watu huzichanganya na kupata *recordarse de*, ambayo si ya kuigwa.

Kwa upande mwingine, *buscar, esperar, escuchar, mirar* na *pedir* haviongezi kihusishi mbele ya kitu: *espero el autobús, escucho la radio*. Kiswahili ni hivyohivyo: nasubiri basi, nasikiliza redio. Anayeongeza kihusishi hapo kwa kawaida ameazima kutoka Kiingereza.

Katika daftari usiandike kamwe “soñar = kuota”. Andika *soñar con algo o con alguien*, na chini yake sentensi yako mwenyewe: *Anoche soñé con el mar*. Vitenzi vitano kwa siku vinatosha. Kesho yake funika kihusishi kwa kidole na ujaribu kukitaja. Ulichokosa kihamishie ukurasa wa siku inayofuata. Ukiwa na shaka, kamusi ya bure ya Real Academia iliyo mtandaoni inaonyesha kihusishi ndani ya mifano, na kusoma mifano kunafaa kuliko kusoma maana.

Kinachokuja baada ya kihusishi

Viwakilishi hubadilika: *para mí, para ti*, wala si *para yo*. *Mí* ina alama, *ti* haina. Na *con* huunganika: *conmigo, contigo*. *Entre* na *según* huacha umbo la kawaida: *entre tú y yo, según tú*.

Kitenzi kikifuata, ni kitenzi-jina, sawasawa na *ku-* yetu: “kabla ya kula” ni *antes de comer*, “bila kusema” ni *sin decir*. *Al* pamoja na kitenzi-jina hutoa “-po-”: *Al llegar, llamó a su madre*, alipofika alimpigia mama yake. Mtendaji akibadilika, ingiza *que* na kitenzi katika hali ya dhamira (*subjuntivo*, hapa *entiendas*): *Te lo explico para que entiendas*, nakueleza ili uelewe.

Kihusishi hakiachwi nyuma mwishoni. Kiswahili husema “mwanamke niliyeongea naye”, na hilo huzaa *la mujer que hablé con ella*. Kivute kihusishi mbele ya kirejeshi: *la mujer con la que hablé*. Maswali nayo huanza na kihusishi: *¿Con quién hablas? ¿De dónde eres? ¿En qué piensas?*

Kabla ya *que*, wenyeji wenyewe hujikwaa. *Pienso de que* ni kosa; *me alegro que* pia hukosolewa, sahihi ni *me alegro de que*. Ondoa kishazi chote na uweke *eso*. Unasema *pienso eso*, kwa hiyo *pienso que*. Unasema *me alegro de eso*, kwa hiyo *me alegro de que*. Kilichobaki mbele ya *eso* ndicho kinachobaki mbele ya *que*.

Jipime

Tafsiri kabla ya kusoma majibu: (1) Nitakupigia simu saa tatu asubuhi. (2) Walimtafuta mtoto kwa saa mbili. (3) Mji ninamoishi uko karibu na bahari. (4) Barua iliandikwa na Ana kwa penseli. (5) Niliota juu yako. (6) Alikasirika kwa sababu ya kelele. (7) Hatukumwona mtu.

*(1) Te llamaré a las nueve de la mañana.* Saa imegeuzwa, na “simu” haihitaji *por teléfono* kwa sababu *llamar* imeshaibeba. *(2) Buscaron al niño durante dos horas.* *(3) La ciudad en la que vivo está cerca del mar.* Ukiandika *cerca con el mar*, rudi kwenye sehemu ya mahali. *(4) La carta fue escrita por Ana con lápiz*. *A lápiz* pia inakubalika. *(5) Soñé contigo.* “Juu ya” imekuvuta useme *sobre*, lakini kuota kuna kihusishi chake. *(6) Se enfadó por el ruido*. Amerika ya Kusini wengi watasema *se enojó por el ruido*, na *por* haibadiliki. *(7) No vimos a nadie.* Hapa *-m-* iliyo katika “hatukumwona” ndiyo *a*, na wengi huisahau.